Arkidikoni Johnson na Mzigo wa Mwalimu

Ukitaja Liuli mbele ya Mwanglikana wa mwambao wa Nyasa, hakawii kukutajia kaburi la Arkidikoni William Percival Johnson. Habari za sala zake, safari zake na Biblia yake tumezisikia mara nyingi. Mwezi huu tutazame upande wa mfuko, ambao hausimuliwi sana. Mwalimu aliyetoka mbali kuja kufundisha kwenye ziwa letu alifungasha nini? Aliishi kwa nini? Na nani aliyelipa? Mambo haya hayajazeeka. Kila baraza la parokia linalokaa kupanga posho ya katekista hukutana nayo, na mara nyingi jina la Johnson hutajwa hapo kama mfano wa mtu aliyeishi bila kudai kitu. Ni vema basi tumjue sawasawa kabla ya kumfanya kipimo cha wengine.

Alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma shule ya Bedford, kisha University College huko Oxford, na njia iliyokuwa wazi mbele yake ilikuwa utumishi wa serikali huko India, kazi yenye mshahara mnono na pensheni uzeeni. Aliiacha. Akajiunga na Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la UMCA, akafika Unguja mwaka 1876 pamoja na Chauncy Maples, rafiki yake wa Oxford.

UMCA haikuwa na mshahara. Mmisionari alipewa chakula, mahali pa kulala, na kiasi cha pauni 20 kwa mwaka za kununulia nguo na mahitaji madogo madogo. Hakuruhusiwa kuoa akaendelea na kazi, aliyeoa aliondoka. Hivyo ndivyo chama kilivyoweza kupeleka watu wengi kwa fedha chache. Fedha hizo zilichangwa na Wakristo wa Uingereza, wengi wao watu wa parokia za kawaida. Naomba msomaji asilisahau jambo hili la kutokuoa, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye kufungasha. Kijana aliyefika Unguja akiwa na pauni zake mfukoni aligundua upesi kwamba hazina kazi bara. Huko kwenye njia za Masasi na Nyasa, fedha ilikuwa kitambaa. Merikani nyeupe na kaniki ya buluu ndizo zilizonunua chakula, kulipa wapagazi, kutoa heshima kwa wakuu wa njiani na kujenga nyumba. Kipimo kilikuwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Shanga nazo zilifaa, ila shanga zina ubishi wake, kwani rangi inayopendwa kijiji hiki huweza kukataliwa kabisa kijiji cha mbele, na mwalimu akabaki na mzigo wa vidude visivyonunua hata yai. Chumvi haikukataliwa popote. Juu ya hayo zilikuja kwinini, sabuni, mishumaa, blanketi, sufuria, shoka na jembe, halafu vitabu, sleti, chaki na karatasi, na kwa padre divai ya Ushirika Mtakatifu.

Yote haya yalikwenda kichwani mwa watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32. Neno posho, tunalolitumia leo kwa fedha za safari, siku zile lilikuwa chakula cha mpagazi cha siku, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka. Tufanye hesabu ya shule. Mwalimu mwenye wapagazi 20, akisafiri siku 30, anahitaji vibaba 600, ambavyo ni pishi 150. Nafaka hiyo hainunuliwi ila kwa kitambaa. Kitambaa hicho nacho kinabebwa na wapagazi wengine, nao wanakula. Kwa hiyo kila kitu kimoja cha starehe, tuseme kiti au sanduku la vyakula vya makopo, kilivuta nyuma yake gharama kubwa kuliko bei yake ya dukani Unguja. Mwenye vitu vichache alifika mbali zaidi. Hilo lilikuwa la hesabu kabla halijawa la utakatifu.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1876 Johnson alifuatana na Askofu Edward Steere kwenda Lindi na bara, wakiwapeleka watumwa waliokombolewa, zaidi ya hamsini, warudi karibu na makwao. Wakakaa Masasi, na hapo Johnson akaachwa kuangalia kijiji kipya, kijana wa miaka 22 tu. Mwaka 1880 alikwenda mbali zaidi, Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao. Aliishi pale peke yake kati ya watu ambao biashara yao kubwa ilikuwa watumwa. Mwaka 1881 msafara wa watumwa ulikamatwa huko pwani. Johnson akashukiwa kwamba ndiye aliyepeleka habari. Vitu vyake vikaporwa, naye akafukuzwa. Akili yake yote ya kufungasha ilikuwa imeishia mikononi mwa watu wengine kwa siku moja.

Mtu angetazamia kwamba atarudi Ulaya. Badala yake mwanzoni mwa 1882 alifika kwenye Ziwa Nyasa pamoja na padre Charles Janson. Janson aliliona ziwa, akaugua kuhara damu, akafa mwezi Februari huko Chia, upande ambao leo ni Msumbiji. Johnson akamzika mwenzake na kubaki.

Mwambao wa siku zile haukuwa kama tunavyouona leo. Wangoni wa Songea, ambao watu wa ziwani waliwaita Wagwangwara, walishuka kutoka milimani kupora na kuteka. Wako waliojenga nyumba zao juu ya nguzo majini, wako waliohamia kwenye miamba na visiwa vidogo, na wengine waliishi ndani ya maboma ya miti. Kupeleka mwalimu kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji kulimaanisha wapagazi, vitambaa, na hatari. Johnson akaona kwamba barabara ya nchi hii ni maji. Mwaka 1884 alikuwa Uingereza akiomba fedha za kununua meli, akazunguka kanisa hadi kanisa mpaka zikapatikana. Meli ilipelekwa kwa vipande kupitia Quelimane, mto Zambezi na mto Shire, ikabebwa kupita maporomoko, ikaungwa Matope, na mwaka 1885 ikashushwa majini kwa jina la Charles Janson. Mwaka huo huo makao makuu ya misheni yakawekwa katika kisiwa cha Likoma, ambako Wangoni wasio na mitumbwi hawakuweza kufika.

Siku hizo za kuunga meli Johnson aliugua macho, akawa karibu kipofu. Alirudishwa Uingereza kutibiwa. Jicho moja lilipotea kabisa, na la pili likabaki na nuru kidogo. Kwa kijicho hicho alisoma, akaandika na kutafsiri zaidi ya miaka arobaini, kitabu akikisogeza karibu na uso. Biblia ya Kinyanja ya Likoma, iliyokamilika mwaka 1912, ni kazi yake.

Meli ilibadilisha gharama za mwalimu. Sasa aliweza kuwekwa katika kijiji cha mwambao bila msafara, na meli ikipita ikamletea kitambaa chake, chumvi, na vitabu vilivyopigwa chapa Likoma. Mkuu wa kijiji alitoa uwanja. Watu walikata miti na nyasi wakajenga shule ya udongo na kibanda cha mwalimu. Chakula kilikuwa kile kile cha kila mtu, yaani ugali wa muhogo na samaki, usipa wakati wa usipa, mbasa wakipatikana. Lakini upepo wa mwera ukishika, kuanzia mwezi wa Mei, meli huweza kuchelewa, na mwalimu ambaye kitambaa chake kimekwisha hana budi kukopa muhogo kwa wazazi wa watoto anaowafundisha. Mtu mwenye deni kwa wazazi hawezi kuwakemea vizuri kwa utoro wa watoto wao. Walimu wanaosoma ukurasa huu watanielewa.

Walimu wa kwanza wengi hawakuwa Wazungu wala wenyeji wa ziwa. Walikuwa vijana wa Kiungani, chuo cha UMCA huko Unguja, na kati yao walikuwamo waliotekwa utumwani wakiwa wadogo. Kwao Nyasa ilikuwa ng'ambo kama ilivyokuwa kwa Mwingereza: lugha ngeni, chakula kigeni, homa ile ile. Augustine Ambali alikuwa mmoja wao. Alikuja kama mwalimu, akawa padre, akaandika kitabu cha kumbukumbu za miaka yake thelathini Nyasaland. Baadaye ziwa nalo likatuma watu wake. Leonard Kamungu wa Chia alisoma Likoma na Kiungani, akapewa upadre mwaka 1909, akaenda Msoro katika nchi ambayo leo ni Zambia, akafia huko mwaka 1913.

Katika haya yote Johnson mwenyewe aliishi namna iliyowashangaza hata wamisionari wenzake. Alilala mahali popote palipokuwa na nafasi, melini au shuleni. Alikula alichopewa, na mara nyingi alisahau kula. Nguo zake zilichakaa akaendelea kuzivaa. Alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji na mzigo mdogo sana, na watu wa mwambao, ambao walikuwa wamezoea kumwona Mzungu akija na mstari wa wapagazi, walimpokea kama mgeni wa kawaida. Bila shaka hili lilifungua milango ambayo merikani isingeifungua. Kijiji kilichoweza kumlisha Johnson kiliweza kumlisha mwalimu, na kijiji kilichomlisha mwalimu kiliiona shule kuwa mali yake. Kwa fedha ya kuweka kituo kimoja cha Kizungu, shule nyingi za mwambao ziliendeshwa. Tukitaka kujua kwa nini kutoka Mbamba Bay hadi Manda karibu kila ghuba ina kanisa la Kianglikana, sehemu ya jibu ni mzigo mdogo wa mtu huyu.

Hata hivyo, hesabu ina upande wa pili, na ni haki kuutaja. Misheni ilizika watu wengi. Wengine walikufa kwa ziwa lenyewe, kama Askofu Chauncy Maples, aliyezama mwezi Septemba 1895 akirudi kuanza kazi yake ya uaskofu. Wengine waliuawa, kama padre George Atlay, muda mfupi kabla yake. Lakini homa iliua zaidi. Daktari Robert Howard alifika Likoma mwaka 1899, akachunguza afya ya wamisionari, na mwaka 1904 akatoa taarifa yake: kwinini kwa utaratibu, vyandarua, nyumba bora, chakula bora. Kwa maneno mengine, ubahili ulikuwa unagharimu maisha. Nyumba nzuri ya mwalimu ilionekana ni anasa kwa watu waliomfuata Johnson, kumbe ilikuwa dawa. Johnson aliishi Afrika miaka 52. Mwili wake ulikuwa wa namna yake, na kumtaka kila mtu aishi hivyo ni sawa na kumtaka kila mtu aogelee kwa kuwa fulani hakuzama.

Kisha kuna lile jambo la kutokuoa. Johnson hakuwa na mke wala mtoto. Alipopofuka, chama kilimrudisha kwao na kumtibu. Mwalimu wa Kiafrika alikuwa na mke, watoto, wakwe, na ndugu waliomtazamia kwa sababu amesoma. Akiugua, aliuguzwa na ndugu zake. Umaskini wa Johnson ulikuwa wa kuchagua na ulikuwa na ukuta wa kuegemea. Wa mwalimu wake haukuwa na ukuta. Kuwalipa wote kwa kipimo kimoja cha moyo hakukuwafanya wawe sawa.

Mambo yalizidi kuwa magumu fedha za sarafu zilipoingia. Tangu mapatano ya 1890 mwambao huu ulihesabiwa kuwa wa Wajerumani, na ziwa moja likawa na serikali tatu: Waingereza, Wajerumani na Wareno. Meli ya misheni ilitia nanga kwenye zote tatu. Upande wetu ilikuwa rupia, upande wa Nyasaland shilingi za Kiingereza. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kudai kodi ya nyumba, rupia 3, na kitambaa si rupia. Mwalimu aliyelipwa mikono ya merikani ilimbidi aiuze apate sarafu ya kodi, na katika kuuza huko hupungukiwa. Wakati huo huo habari zilienea kwamba huko Blantyre, na mbali zaidi katika migodi na mashamba ya kusini, mtu anayejua kusoma na kuandika hupata katika mwezi kile ambacho misheni haimpi kwa miezi kadhaa. Vijana wakaenda, walimu wakiwamo. Kila mwalimu aliyeondoka alikuwa amegharimu miaka ya kumfundisha, basi ile senti iliyookolewa kwenye posho yake ilipotea mara nyingi zaidi. Wazee wengine wa Kanisa waliwalaumu kwa kupenda fedha. Mimi nawaona zaidi kama watu waliotaka kulipa kodi na kuvisha watoto.

Johnson, aliyekuwa Arkidikoni wa Nyasa tangu 1896, alitafuta njia ya kupunguza gharama za kufundisha walimu. Wazo lake lilikuwa meli kubwa ambayo itakuwa chuo cha walimu kinachotembea, pamoja na kanisa na hospitali, ili mwanafunzi asome huku akizunguka shule atakazofundisha. Meli hiyo, Chauncy Maples, iliundwa Glasgow na kuletwa kwa vipande 3,481. Tangi lake la mvuke lenye tani 11 lilivutwa nchi kavu kwa magurudumu na Wangoni wapatao 450, mwendo wa maili kama tatu kwa siku. Ilishushwa majini mwezi Juni 1901. Meli ilikuwa fahari ya ziwa, ila ilikula kuni bila kushiba, na kila siku ya safari ilikuwa na bei yake. Nadhani ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyebeba mzigo mdogo kuliko wote ndiye aliyeliletea ziwa mzigo mkubwa kuliko yote. Kwa matumizi yake mwenyewe alihesabu kila shuka. Kwa walimu alithubutu kuomba maelfu.

Vita vya 1914 vilianza kwenye ziwa mapema. Tarehe 13 Agosti meli ya Kiingereza Gwendolen iliipiga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann hapo hapo Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen kwa ajili ya ule mwamba wa Pomonda. Chauncy Maples ikachukuliwa kwa kazi za jeshi. Fedha na vitambaa vya Likoma havikuweza kuvuka kama zamani, na shule za upande wetu ziliangukia kwa walimu wenyewe na watu wa vijiji, ambao nao walikuwa wakitwaliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Shule iliyobaki wazi miaka ile ilibaki kwa muhogo wa wanakijiji.

Baada ya vita nchi ikawa Tanganyika chini ya Waingereza. Shilingi ikaja mahali pa rupia. Johnson, sasa mzee, alitumia miaka yake ya mwisho upande huu wa ziwa, akiendelea kutembelea shule na kuandika. Mwaka 1924 alichapisha kumbukumbu zake. Alifariki Liuli mwezi Oktoba 1928, mwenye umri wa miaka 74, akazikwa huko huko. Liuli leo iko katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na lami imefika Mbamba Bay. Lakini kwa miaka mingi mahujaji waliofika kaburini walitua kutoka majini kama yeye.

Mwaka ule aliokufa, sheria ya elimu iliyotungwa 1927 ilikuwa imeanza kutumika. Serikali ilikubali kusaidia kulipa walimu wa shule za misheni, kwa masharti: shule iandikishwe, ifuate mafunzo yaliyowekwa, na mwalimu awe na cheti. Shule chache za katikati zikapata ruzuku. Zile shule za udongo za kila ghuba, ambazo Johnson alizianzisha kwa mzigo mdogo, hazikuwa na walimu wenye cheti. Hao waliendelea kulipwa na misheni kile kidogo kilichokuwapo, na kulima muhogo wao.